Kizuri Chajiuza, Lakini ni cha Nani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Juma lililopita kijana mmoja mchoraji alinionyesha tovuti aliyoitengeneza ili kutangaza kazi zake. Michoro ilipendeza kweli. Nikamwuliza, "Nikitaka kukupa kazi, nitakupataje?" Tukatafuta pamoja. Jina lake kamili halikuwemo, wala namba ya simu.

Hapo nikamkumbuka Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, mji mkuu wa Mali.

Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, karibu na stesheni ya reli, nchi ingali koloni la Ufaransa. Ukutani alitundika picha alizokwisha kupiga. Mteja akiingia anatazama, kisha anachagua: nataka nikae kama huyu. Ukuta ule haukusema kwamba Keïta ni hodari. Ulionyesha, na mteja akaamua mwenyewe. Zaidi ya hayo, alikuwa na muhuri wenye jina lake aliougonga kwenye picha. Picha ikifika kwa ndugu wa mbali, jina la fundi nalo limefika.

Mwaka 1962, Mali ikiwa imekwisha jitawala, alichukuliwa kuwa mpiga picha wa serikali, hadi alipostaafu mwaka 1977.

Mwaka 1991 picha zake zikaonyeshwa New York, Marekani. Zilikuwa zimesafishwa upya kutoka kwenye negativu, na negativu haigongwi muhuri. Basi watazamaji wakaelezwa kwamba ni kazi ya mpiga picha asiyejulikana wa Bamako. Asiyejulikana, na mwenyewe yu hai, yuko mjini kwake! Ilibidi André Magnin, mtaalamu wa maonyesho kutoka Ufaransa, afunge safari kwenda kumtafuta. Mwaka 1994 Paris ikamfanyia maonyesho kwa jina lake. Alikuwa amevuka miaka 70. Akafariki mwaka 2001.

Ndugu msomaji, tovuti ya msanii ni ukuta ule ule wa Keïta. Mwenye nayo achague kazi chache zilizo bora, azipange mteja aone anachokihitaji, kisha agonge muhuri: jina, mji, simu. Kizuri chajiuza, sikatai. Lakini kizuri kisicho na jina, mwenyewe hupita nje ya maonyesho yake kama mgeni.