Tabora, Januari 1958: TANU Ilipogeuza Msimamo

Sisi wa Tabora tunapenda kumwonyesha mgeni miembe ya zamani, Boma la Wajerumani na njia panda ya reli, mkono mmoja Kigoma, mwingine Mwanza. Mimi niliyekula chaki miaka mingi nikifundisha historia mjini hapa, humpitishia mgeni jambo jingine: mkutano mkuu wa chama cha TANU wa Januari 1958. Waliokuja walikuja na neno moja mdomoni, kususia. Walipoondoka, chama kilikuwa kinajiandaa kwa uchaguzi.

Ugomvi ulihusu kura tatu. Serikali ya kikoloni ya Gavana Twining ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, kwa sharti kwamba kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyejaza zote tatu, kura yake imeharibika. Tena si kila mtu angepiga. Ilitakiwa mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kinachotambulika. Mkulima wa kawaida wa Unyamwezi alikuwa nje kabisa.

Fikiria hesabu yake. Waafrika walizidi milioni 8, Wazungu walikuwa kama 20,000, na kila kundi lipate viti sawa. Aliyesema huo ni utukanaji alisema kweli, na Nyerere mwenyewe, kiongozi wa TANU, alikuwa miongoni mwa waliosema. Desemba 1957, mwezi mmoja tu kabla ya mkutano, alikuwa amejiuzulu ujumbe wa Baraza hilohilo kwa kuona serikali haisikii. Ndiyo maana wajumbe hawakutarajia kwamba mtu huyo ndiye angewaomba waingie.

Mji haukuwa mgeni kwake. Alisoma Tabora School, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's. Alijua pia kwamba ukumbini asingepata makofi ya bure. Kina Zuberi Mtemvu, waliotaka kususia, walikuwa na hoja nzito: ukishakubali kushiriki, umekubali kwamba ngozi ndiyo kipimo cha uwakilishi, na kesho utaambiwa mbona ulipiga kura. Kwa maoni yangu hoja hiyo haikupata jibu kamili siku ile, wala haiwezi kupata.

Nyerere alichofanya ni kuuliza swali lingine. Sisi tukisusa, viti atachukua nani? UTP, chama kilichoundwa 1956 kwa baraka za Gavana, kingeingia Barazani bila jasho, na serikali ingedai kwamba nchi imeamua. Husimuliwa kwamba aliwachorea wajumbe shamba lililo ng'ambo ya tope: mwenye kanzu nyeupe asiyetaka kuchafuka atabaki ng'ambo hii akiyatazama mavuno. Kura zilipohesabiwa, wengi wakawa upande wa kuvuka. Waliogeuka hawakuacha kuichukia kura tatu. Waliibadili njia tu, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapodhani kwamba kubadili msimamo ni kusalimu amri.

Gharama ilikuwepo. Mtemvu aliondoka na kuunda chama chake, African National Congress, akishikilia kwamba Afrika ni ya Waafrika. TANU nayo ililazimika kufanya jambo ambalo haikulizoea: kutafuta Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono, ingawa uanachama wake wakati huo ulikuwa wa Waafrika peke yao. Ndipo tukasikia majina kama Sophia Mustafa wa Jimbo la Kaskazini, Amir Jamal na Derek Bryceson. Sharti lililowekwa ili kuwagawa watu kwa rangi likawalazimisha watu wa rangi tatu kupiga kampeni pamoja. Sidhani Twining alilipanga hilo.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea waliobebwa na TANU wakaufagia. UTP haikuinuka tena. Oktoba 1958 gavana mpya, Richard Turnbull, alikwisha kulieleza Baraza kwamba Waafrika ndio watakaokuwa wengi katika serikali ijayo.

Mtemvu aligombea urais dhidi ya Nyerere mwaka 1962 akapata kura 21,276, wakati mwenzake alipata zaidi ya milioni moja. Kwa hesabu hiyo wengi humcheka. Mimi simcheki, kwa sababu bila wabishi kama yeye mkutano ule ungekuwa wa kupiga mihuri, na Nyerere asingelazimika kutoa hoja. Ila katika hili alikosea: alidhani anayeingia kwenye kura tatu hatatoka humo. Uchaguzi wa Agosti 1960 haukuwa na sharti la kura tatu, na kati ya viti 71 TANU ilichukua 70.