Tovuti za Kitunguu Zilianzia Jeshini

Wasee, ukitaja Tor tu, mtu anadakia, "Si hapo ndio watu hununua madawa?" Zii, ngojeni. Wazo lilizaliwa miaka ya 1990 kwenye maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Ujumbe unafungwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na kila kompyuta njiani inaambua tabaka moja tu. Lakini mtandao ukitumiwa na majasusi peke yao, kila anayeonekana humo ni jasusi, si ndio? Walihitaji umati wa kujifichia. Ndio maana Tor ilipotoka 2002 ilikuwa ya kila mtu.

2004 ikaja njia ya kuficha hata tovuti yenyewe: seva na msomaji wanakutania kompyuta ya katikati, hakuna anayejua mwenzake yuko wapi. Anwani inaishia na .onion.

Silk Road ikaja 2011, ikaharibu jina. Ross Ulbricht alishikwa 2013, na moja ya vitu vilivyomchoma ni imeli yenye jina lake kamili, aliyoianika mwenyewe mtandaoni! BBC nao walifungua .onion yao 2019 ili watu wa nchi zinazowafungia, kama China na Iran, wawasome. Sasa hao wasomaji nao tuwaite wauza madawa?