Barua ya Mfalme Asiyekuwepo



Mnaonitumia unabii wa WhatsApp mkiuliza, "Pasta, huu ni wa Mungu?", leo nawajibu kwa historia.

Mnamo mwaka wa 1165 hivi, barua ilianza kuzunguka Ulaya. Ilikuwa imeandikiwa Manuel, mtawala wa Konstantinopoli, na mwandishi alijiita Prester John. Hilo "Prester" latokana na neno la Kigiriki ambalo Biblia zetu hulitafsiri "mzee" wa kanisa. Alisema wafalme 72 wako chini yake. Akienda vitani hutanguliza misalaba 13, na kila msalaba hufuatwa na wapanda farasi 10,000 na askari wa miguu 100,000. Kwake hakuna maskini, mwizi wala mwongo. (Hapo tu ungeshtuka, mpendwa.)

Hakuwepo. Ufalme wote ule ulitungwa na mtu mwenye kalamu. Lakini barua ilinakiliwa, ikatafsiriwa, na njiani ikazidi kutiwa chumvi. Mwaka wa 1177 Papa Alexander III alimwandikia mfalme huyo, akamtuma daktari wake Filipo aipeleke barua. Filipo hakusikika tena.

Sasa sikia kilichonihuzunisha. Mwaka wa 1219 jeshi la Vita vya Msalaba liliteka Damietta, mji wa Misri karibu na mdomo wa Mto Nile. Sultani al-Kamil alikuwa tayari kuwapa Yerusalemu ili tu waondoke Misri. Yerusalemu! Mji uleule uliowatoa makwao. Pelagius, mjumbe wa Papa, akakataa. Kambini walisomewa vitabu vya unabii, na mwaka wa 1221 ikaja habari kwamba mfalme Daudi, wa ukoo wa Prester John, anatoka mashariki na ameshawapiga Waislamu wa Uajemi.

Kweli kulikuwa na mtu aliyekuwa akiibomoa miji ya Uajemi. Jina lake Genghis Khan. Hakuwa Mkristo, wala hakuwa anakuja kumsaidia mtu.

Julai wakaanza safari ya kwenda Cairo. Nile ilikuwa inafurika. Wamisri wakafungulia maji, jeshi likakwama kwenye matope. Mwisho wa Agosti wakasalimu amri. Damietta wakairudisha, Yerusalemu hawakuipata.

Watu hawa walifunga na kuomba kama sisi. Ila habari iliyofanana na tamaa yao waliipokea kama neno la Bwana, bila kuijaribu roho kama 1 Yohana 4:1 inavyoagiza. Basi unabii ukikufikia kwa simu, uliza: nani ameusema? Kanisa gani linamjua? Mbona unaishia na namba ya kutuma pesa?

Baadaye Wazungu walihamishia ndoto yao Ethiopia. Mwaka wa 1498 mabaharia wa Vasco da Gama, kabla hawajafika Malindi yetu, walilia kwa furaha walipoambiwa Prester John hayuko mbali. Kumbe Ethiopia kulikuwa na kanisa halisi, tangu mfalme Ezana wa Aksum alipomwamini Kristo katika karne ya 4. Watawa wake walipofika Florence mwaka wa 1441, walishangaa kusikia mfalme wao akiitwa Prester John. Jina lake, wakasema, ni Zara Yaqob.