Simba, Yanga na Wale Wengine

Mhariri wa gazeti hili aliponitaka niandike historia ya ligi yetu ya kandanda, alinionya nisiandike kama shabiki. Nilimjibu kwamba hilo haliwezekani. Mimi ni Simba tangu nikiwa darasa la tatu, na kila nitakaloliandika hapa litanuka Msimbazi. Msomaji wa Jangwani ajue mapema, asije akanilaumu mbele ya safari. Lakini nina neno la kuwakera hata Simba wenzangu. Timu zilizoifanya ligi ya Tanzania Bara iwe ligi si Simba wala Yanga. Ni zile nyingine, ambazo vijana wanaosoma shuleni petu leo hawazijui hata kwa majina.

Habari za watani wawili hawa zinajulikana, nami sitazirefusha. Yanga ilianza 1935, Simba 1936. Sisi tulipitia majina kadhaa ya Kizungu, la mwisho likiwa Sunderland, mpaka mwaka 1971 tulipojiita Simba. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, na mwaka uliofuata vilevile. Yanga nao wakaja juu. Juni 1968 walitufunga mabao matano kwa bila, na wazee wetu wakalala na deni hilo miaka tisa, hadi Julai 1977 tulipowalipa sita kwa bila. Abdallah Kibadeni peke yake alitia matatu. Katikati ya hayo kuna mchezo wa Nyamagana, Mwanza, Agosti 1974. Tulikuwa tunaongoza mpaka dakika za lala salama, Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akatumaliza. Nilikuwa mdogo sana kuyaelewa hayo, lakini kaka yangu alinisimulia mara nyingi mno, kila mara kwa uchungu uleule, hata naona kama nilikuwapo.

Basi, hayo ndiyo kila mtu anayoyajua, na ndiyo yanayorudiwa magazetini kila watani wanapokutana. Sasa tutazame orodha ya mabingwa. Mwaka 1967 ni Cosmopolitan. Mwaka 1975 ni Mseto ya Morogoro, timu ya kwanza kuutoa ubingwa nje ya Dar es Salaam. Mwaka 1982 ni Pan African. Mwaka 1986 ni Tukuyu Stars. Mwaka 1988 ni Coastal Union ya Tanga. Timu tano tofauti, na katika hizo, tatu ni za mikoani.

Nilijiunga na shule yetu mwaka 1984. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka jinsi wavulana walivyopangiwa shule mbali na kwao. Katika bweni letu alikuwapo Mhaya, Mmakonde, Mnyakyusa, Mdigo na Mgogo, na kila mmoja alikuja na sanduku lake la bati na timu yake. Redio ilikuwa moja, ya kiranja, na betri zake zilianikwa juani kila mchana ili zifike jioni. Sauti ya Ahmed Jongo ilipokuja kutoka Uwanja wa Taifa, watu waliosongamana pale hawakugawanyika mafungu mawili. Waligawanyika mafungu sita au saba. Mtu wa Songea alisikiliza ili ajue Majimaji wanasimama wapi. Mtu wa Mwanza alikuwa na Pamba yake. Kulikuwa na mmoja kutoka Moshi ambaye hakutaka kusikia lolote ila Ushirika, na tukimtania alitununia hata siku mbili.

Mwaka 1986 nikiwa kidato cha tatu, vijana wa Rungwe walianza kujidai. Tukuyu Stars ilikuwa imepanda daraja tu. Sisi wa Simba na wale wa Yanga, ambao kwa kawaida hatukukubaliana hata juu ya maharage, tulikubaliana kuwacheka. Timu ya mji mdogo wa mlimani, yenye mvua, ndizi na chai, itafanya nini mbele ya wakubwa? Kicheko kilipungua wiki hadi wiki. Mwisho wa ligi bingwa wa Tanzania Bara alikuwa Tukuyu Stars, katika msimu wake wa kwanza. Rafiki yangu mmoja wa kule, ambaye leo ni bwana mifugo mstaafu, alipanda juu ya kitanda chake na kuhutubia bweni zima kwa Kinyakyusa tupu. Hatukuelewa neno, lakini hakuna aliyethubutu kumshusha.

Nataka vijana walielewe jambo hili vizuri, kwa sababu ndipo ulipo uzito wake. Kijana yule hakuwa akishangilia timu iliyoko maili mia tano kutoka kwao, ambayo wachezaji wake hajawahi kuwaona ila katika picha. Alikuwa akishangilia vijana aliowaona wakicheza kiwanja cha nyumbani kwao. Mimi Msimba niliyezaliwa mkoani nilikuwa sijawahi kuiona Simba kwa macho yangu. Usiku ule nilimwonea wivu, na wivu ule haukunitoka upesi.

Miaka miwili baadaye, nikiwa ndiyo kwanza nimeingia kidato cha tano papo hapo shuleni, ikawa zamu ya Tanga. Mwaka ule wa 1988 sisi Simba tulikuwa taabani, tulikuwa tunachungulia shimo la kushuka daraja. Hata hivyo mwezi Julai tuliwafunga Yanga mawili kwa moja, na ubingwa ukaenda Mkwakwani. Watu wa Tanga wamesifiwa kwa maneno matamu, na msimu ule walipata la kusema. Miongoni mwa waliocheza Coastal ile ni Juma Mgunda, ambaye baadaye alikuja kuwa kocha, na mwaka 2022 akaifundisha Simba yenyewe. Ndiyo maana huwa nawaambia Simba wenzangu wanaoidharau Coastal wafunge midomo.

Timu hizi zilipata wapi nguvu? Kwa sehemu kubwa ni kazi. Reli ya Morogoro ilikuwa ya shirika la reli. Pamba jina lake linajieleza, na Ushirika ya Moshi pia. Bandari ilikuwa ya watu wa bandari, RTC Kagera ya kampuni ya biashara ya mkoa, CDA ya Dodoma ya mamlaka ya ustawishaji makao makuu. Kijana aliyejua kusakata kabumbu aliandikwa kazi, akapata mshahara, pengine na chumba, na alijua kwamba goti likivunjika hatarudi kijijini mikono mitupu. Simba na Yanga walikuwa na jina na umati, lakini hawakuwa na karakana ya kumwajiri mtu. Kwa hiyo mchezaji mzuri wa Morogoro alikuwa na sababu ya kubaki Morogoro. Na alipobaki, wakubwa walipofunga safari kwenda kule walikwenda na hofu.

Matunda yake yalionekana. Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985 na 1986. Pamba iliutwaa 1990. Hata Pan African, ambayo ilizaliwa na ugomvi wa ndani ya Yanga mwaka 1976, iliifaa nchi nzima. Mwaka 1980 Taifa Stars ilipokwenda Nigeria kucheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nguzo zake mbili za nyuma, Leodegar Tenga na Jella Mtagwa, zilikuwa za Pan. (Watu wa Yanga bado hawapendi kukumbushwa ugomvi ule. Nami ndiyo sababu nawakumbusha.) Baada ya hapo hatukuonekana tena katika fainali hizo mpaka mwaka 2019. Miaka thelathini na tisa! Sisemi sababu ni moja, lakini sehemu kubwa ya miaka hiyo ndiyo miaka ambayo timu za mikoa zilikuwa zinakufa.

Zilikufaje? Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kuuzwa, kuunganishwa au kufungwa. Mwekezaji aliyenunua kiwanda hakununua timu. Mchezaji akapunguzwa kazini pamoja na fundi na karani. Mtibwa Sugar ya Turiani ilipata ubingwa 1999 na 2000 kwa kuwa kiwanda cha sukari kilikuwa bado nyuma yake, na huo ukawa kama mwangwi wa enzi iliyopita. Toka mwaka 2001 mpaka 2025, robo karne nzima, ni timu moja tu iliyopenya kati ya Simba na Yanga: Azam, mwaka 2014, tena bila kufungwa mchezo hata mmoja. Nayo ni ya Dar es Salaam, na ina kampuni kubwa nyuma yake. Funzo ni lilelile, kwamba timu bila mwajiri ni jezi tu.

Yuko mwenzetu mmoja, tuliyekuwa naye dawati moja, Yanga wa kufa. Nilipomsomea rasimu ya makala haya alinijia juu. Akasema, wewe unalilia umaskini. Akanitajia kwamba Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 ikalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini tu, na kwamba Simba nayo ikafika fainali ileile mwaka 2025. Enzi zako za Tukuyu Stars, akasema, nani alifika huko? Uwanja unajaa watu elfu sitini, wachezaji wanalipwa, ligi inaonyeshwa nchi za jirani. Unataka nini tena?

Ni hoja nzito, nami siipuuzi. Jibu langu ni kwamba hata zamani hatukuwa watupu. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika ikatolewa na Mahalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1979 Mufulira Wanderers walitufunga manne bila Dar es Salaam, tukawafuata kwao Zambia na kuwafunga matano bila. Simba zile zilinolewa na ligi ambayo kila safari ya mkoani ilikuwa vita. Leo nikiangalia ratiba najua kabla ya mchezo kwamba mkubwa akienda mikoani atarudi na pointi zake, na akizikosa inakuwa habari ya wiki nzima. Mwenzangu anaita hiyo ni nguvu ya timu kubwa. Mimi naona ni udhaifu wa zile nyingine, na hapo hatukupatana, ingawa chai tulimaliza.

Zipo dalili. Coastal Union walimaliza nafasi ya nne msimu wa 2023/24 wakapata tiketi ya kucheza Afrika. Pamba imerudi ligi kuu mwaka 2024, sasa ikiitwa Pamba Jiji na ikibebwa na halmashauri ya jiji la Mwanza. Naona mwajiri mwingine amepatikana, nami nawaombea heri, isipokuwa siku wanapocheza na sisi.

Nilipopita shuleni mwaka jana niliingia katika lile bweni. Jezi zilizoanikwa dirishani zilikuwa nyekundu, na kijani na njano, basi. Nilimwuliza kijana wa kidato cha pili anatoka wapi. Akanijibu, Tukuyu. Nikamwuliza timu yake. Akasema, "Simba, mzee." Nilipaswa kufurahi. Nilimwuliza kama anaijua Tukuyu Stars, akasema babu yake huitaja akiwa na wenzake.

Mhariri anakusanya picha za timu za shule kwa ajili ya mkutano wetu wa Desemba. Aliye na picha ya kikosi cha mwaka 1986 au 1988 ailete, hata kama imeliwa na mende. Na kwa wale wa Tanga na Rungwe, mchezo wa wazee utachezwa Jumamosi saa kumi. Safari hii nimeomba tugawanywe kwa mikoa.