Mikono ya Vardon: Mshiko wa fimbo ya gofu ulivyozaliwa na ulivyopingwa

Katika fimbo ya gofu, mikono ya mchezaji hugusa sehemu moja tu, nayo ni mpini. Nguvu zote za miguu, kiuno na mabega hupitia hapo kabla ya kuufikia mpira. Ndiyo maana mwalimu makini humfundisha mwanafunzi namna ya kuweka mikono kabla hajamruhusu kupiga mpira wa kwanza. Hata hivyo, mshiko unaofundishwa leo katika viwanja vingi haukuwepo tangu zamani. Ulianza kuenea miaka ya mwisho ya karne ya 19, na tangu hapo mabingwa kadhaa wameuacha na bado wakashinda.

Kabla ya hapo, wachezaji wa Uskoti walitumia fimbo za mti zenye mipini minene iliyoviringwa ngozi. Wengi waliishika kwa vidole vyote kumi, mpini ukilala katikati ya viganja, kama mtu anayepasua kuni kwa shoka. Mpini ukikaa kiganjani, vifundo vya mikono hukaza na fimbo hukosa wepesi. Tena kila mkono hutaka kuongoza. Wa kulia, ambao kwa wengi ndio wenye nguvu, ukishinda, uso wa fimbo hujifunga na mpira hukimbilia kushoto.

Miongoni mwa waliotafuta dawa ya tatizo hilo mapema alikuwa Johnny Laidlay, Mskoti aliyetwaa ubingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1889 na 1891. Alikipandisha kidole cha mwisho cha mkono wa kulia juu ya vidole vya mkono wa kushoto, mikono ikabanana. Lakini jina la mshiko huo halikumwendea yeye. Lilikwenda kwa Harry Vardon, mtoto wa mtunza bustani aliyezaliwa kisiwani Jersey mwaka 1870.

Vardon alishinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mara sita: 1896, 1898, 1899, 1903, 1911 na 1914. Hadi leo hakuna aliyeifikia idadi hiyo. Mwaka 1900 alizunguka Marekani akicheza mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona mchezaji wa kiwango chake, na akaondoka na ubingwa wa wazi wa nchi hiyo. Mwaka 1905 akatoa kitabu cha mafunzo. Watu walimtazama, wakamsoma, wakamwiga, na mshiko ukaitwa kwa jina lake.

Katika mshiko huo, kwa anayetumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto hukaa juu. Mpini hupita mshazari kwenye mashina ya vidole, na kidole gumba hulala juu yake, kikielemea kulia kidogo. Ukiinamisha macho, unapaswa kuona vifundo viwili vya vidole vya mkono huo. Mkono wa kulia hufuata chini yake, mpini ukiwa vidoleni, na kiganja chake hukifunika kidole gumba cha kushoto. Kidole cha mwisho cha kulia hupanda na kutulia kwenye mfereji ulio kati ya kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kushoto. Kisha mtu hushika kwa ulaini, bila kukaba. Vifundo vya mikono hupata uhuru wa kukunjuka, na mikono miwili hufanya kazi kama mmoja.

Upinzani haukuchelewa. Mwaka 1913, mjini Brookline, Vardon na Mwingereza mwenzake Ted Ray walishindwa katika mchujo wa Mashindano ya Wazi ya Marekani na Francis Ouimet, kijana wa miaka 20 aliyewahi kuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji. Ouimet hakukipandisha kidole cha mwisho. Alikisuka na kidole cha shahada cha kushoto. Mshiko huo wa kusuka ndio uliotumiwa baadaye na Jack Nicklaus, mwenye mataji 18 makubwa, na Tiger Woods, mwenye 15. Hata mshiko wa vidole kumi haukufa: mwaka 1959 Art Wall alishinda Masters na Bob Rosburg akashinda ubingwa wa PGA, wote wakiutumia.

Ben Hogan wa Texas alibaki na mshiko wa Vardon, ila aliurekebisha. Mipira yake ilikuwa ikipinda mno kushoto, akauzungusha mkono wa kushoto kidogo kuelekea kushoto ili uso wa fimbo usijifunge mapema. Kitabu chake cha mwaka 1957 kinaanza na somo la mshiko, kabla ya msimamo na kabla ya pigo lenyewe.

Kisha kuna Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kama Papwa, kedi wa Durban mwenye asili ya Kihindi. Alijifunza mwenyewe, akaigeuza mikono: wa kulia juu, wa kushoto chini, kinyume na kila kitabu. Kwa mshiko huo alishinda Mashindano ya Wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda Mashindano ya Wazi ya Natal, akakabidhiwa kombe nje kwenye mvua, kwa sababu sheria za ubaguzi wa rangi zilimkataza kuingia katika jengo la klabu. Mwaka 1965 alishinda tena, akimwacha nyuma Gary Player. Baadaye serikali ikamfungia milango ya mashindano makubwa ya nchi yake. Mikono ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la waliomfungia.

Huku kwetu, Klabu ya Gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Vardon. Waafrika waliingia viwanjani kwanza kama makedi, na wengi walijifunza kwa kutazama mikono ya wachezaji waliowabebea fimbo. Vipaji vingi vilipita hivyo bila mwalimu.

Sheria za gofu hazisemi kidole gani kikae wapi. Kinachowaunganisha Vardon, Ouimet, Hogan na Papwa ni kwamba kila mmoja alipata njia ya kuifanya mikono miwili ielewane, akaizoea hadi ikawa yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla ya kutoa fedha kununua fimbo mpya, mwombe mwalimu akutazame mikono. Na ninyi viongozi wa klabu, wapeni makedi na watoto somo hilo la kwanza bila malipo. Bingwa anaweza kutoka popote, mradi asizuiwe mlangoni.