Ugomvi wa leseni uliotuachia uhuru wa kuchagua eneokazi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha rasmi huduma kwa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima zikaanza kuitwa chakavu. Siku hiyohiyo KDE, mradi wa eneokazi la Linux, ulitimiza miaka 29. Ni wakati mwafaka wa kukumbuka kwamba sura ya kompyuta, au eneokazi, yaani madirisha, menyu na mwambaa wa kazi, si lazima ipangwe na kampuni moja.

Aliyeanzisha KDE mwaka 1996 ni Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani. Kilichomkera ni kwamba kwenye mfumo huria wa Linux kila programu ilikuwa na sura yake na tabia zake. Alitaka eneokazi moja linaloeleweka kwa mtumiaji wa kawaida, si kwa fundi peke yake.

Tatizo lilikuwa Qt, maktaba ya programu ya kampuni ya Trolltech ya Norwei ambayo KDE iliitegemea. Ilitumika bure kutengenezea programu huria, lakini leseni yake ilikataza kusambaza Qt iliyofanyiwa marekebisho. Kwa Richard Stallman, mtetezi wa programu huria, na wenzake, hiyo ilikuwa nyumba nzuri iliyojengwa kwenye kiwanja cha mtu. Agosti 1997 Wamexico wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena, wakaanzisha GNOME, eneokazi lisiloihitaji Qt. Mwaka uliofuata Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ikaiondoa KDE kwenye hazina yake, ikisema programu zenye leseni ya Qt na zenye GPL, leseni ya programu huria, haziwezi kusambazwa pamoja.

Trolltech ililegeza masharti kidogo kidogo, hadi Septemba 2000 ilipoitoa Qt chini ya GPL yenyewe. Ungedhani yameisha. Stallman akaandika kwamba waliokuwa wamechanganya msimbo wa GPL na Qt walipoteza haki zao, hivyo wawaombe msamaha wenye msimbo huo. Kwa ule ulio mali ya taasisi yake ya programu huria, akatangaza kuwa amewasamehe. Watu wa KDE walichukia: wamejitolea miaka minne, kazi yao wameigawa bure, leo wanasamehewa kosa gani? Hata hivyo, ukali wa Stallman ulisaidia. Bila shinikizo hilo na ushindani wa GNOME, sidhani kama Qt ingefunguliwa mapema hivyo.

Machaguo yakazidi kuongezeka. Mwaka 2011 GNOME 3 ilibadilisha sura ghafla, na wasioipenda wakazaa maeneokazi ya MATE na Cinnamon. Unity, eneokazi la Ubuntu, toleo jingine la Linux, ilikuja, ikaachwa mwaka 2017.

Leo Debian ileile iliyoifukuza KDE inakupa orodha unapoisakinisha: GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon, MATE na nyinginezo. Unaweka alama kwenye unayoitaka. Ukiweka mbili, unachagua moja kwenye skrini ya kuingilia, kabla ya kuandika nywila, na mafaili yako hayaguswi. Mashine yenye kumbukumbu ndogo ipe Xfce au LXQt.

Inasikitisha kuona somo la kompyuta likifundishwa kana kwamba kompyuta ina sura moja tu duniani. Mwanafunzi akifundishwa kusakinisha eneokazi jingine, atajua kuwa mashine ni yake, na shule itafikiri mara mbili kabla ya kuiita kompyuta nzima chakavu.