Neno Lisipotee: Santuri, Redio na Spika Ndogo katika Nyumba za Mrima

Swali limezoeleka barazani, na aghalabu muulizaji ni mtu aliyekwisha kukusanya nyimbo zake za zamani: anunue spika gani ndogo, ya bei ya wastani, aiweke kwenye rafu ya sebuleni apate kusikiliza taarabu kwa utulivu? Wengi hudhani kwamba swali hili ni la muuza duka, wala halina nafasi katika kurasa za wapenzi wa mashairi. Mimi naona kinyume. Anayeuliza hivyo anauliza, pasipo kujua, jambo ambalo watu wa mwambao wamelijibu mara tatu au nne katika muda wa karne moja, na kila mara jibu lao lilitokana na haja moja: neno la mshairi lifike sikioni likiwa zima.

Mji wa Bagamoyo unafaa kuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa umezijua njia zote mbili za kusikiliza. Ipo njia ya uwanjani, ambako ngoma hupigwa, watu husimama duara na sauti hupimwa kwa umbali inaofika. Ipo pia njia ya ndani, ambako watu wachache huketi, mmoja akasoma au kughani na wengine wakanyamaza. Njia hii ya pili ndiyo iliyolea tenzi zetu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alipotunga utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, mwishoni mwa karne ya 19, hakuwatungia watu wa kusoma kimya peke yao. Utenzi wa namna ile husikika kwanza, ndipo ukasomwa. Na msikilizaji asiyeipata silabi ya mwisho ya kila kipande amekosa kina, na aliyekosa kina amekosa nusu ya utamu.

Nyumba yenyewe ilisaidia. Nyumba za mawe za mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja na Mrima, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake ikalazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo kwa kawaida hazivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba. Ukutani mlichongwa vidaka vya kuwekea vitu vya thamani: vyombo vya kauri, msahafu, taa. Mapenzi haya ya kukipa kitu kizuri nafasi yake ukutani yalivuka hata mipaka ya uhai, kwani pale Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, makaburi ya nguzo yalipambwa kwa sahani za Kichina zilizopachikwa ndani ya chokaa. Nayakumbusha haya kwa sababu chombo cha sauti kilipoingia nyumbani kilikuta chumba chenye umbo lake na ukuta wenye desturi yake.

Chombo cha kwanza kilikuwa gramafoni. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari kwenda Bombay pamoja na wapigaji wenzake, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Miaka mitatu tu kabla ya safari hiyo, mwaka 1925, wenye viwanda walikuwa wameanza kutumia umeme katika kurekodi badala ya pembe tupu. Upande mmoja wa santuri ulichukua kiasi cha dakika tatu, na sauti iliyosalia ilikuwa nyembamba. Besi ilikuwa haba na mitetemo ya juu ilikatika mapema. Hata hivyo santuri zile zilipokewa kwa shangwe, na Shaaban Robert akaona inafaa kuuandika wasifu wa mwimbaji huyo. Ni nini kilichosalia ndani ya ile sauti nyembamba hata ikapendwa hivyo? Lililosalia ni neno. Kilichopotea kilikuwa uzito wa ala, na sehemu ya sauti ya binadamu inayobeba herufi ikabaki kwa kiasi cha kutosha kwa sikio lililozoea Kiswahili.

Redio ikafuata. Sauti ya Unguja na kituo cha Dar es Salaam vyote vilianza kutangaza mwaka 1951. Idhaa ya Kiswahili ya Cairo ikaanza mwaka 1954, na ile ya BBC mwaka 1957. Mwanzoni redio ilikuwa kabati zito la mtu mwenye nafasi. Transista ndiyo iliyoigeuza kuwa mali ya wengi, ikaendeshwa kwa betri na kufika hata vijiji ambavyo havikuwa na umeme. Spika yake ilikuwa ndogo kuliko sahani ya chai, nayo haikuwa na besi hata kidogo. Lakini habari, hotuba, mashairi ya wasikilizaji na taarabu vilisikika vizuri, na redio ikapata makazi yake dirishani au ndani ya kidaka, pale pale palipokuwa pa bakuli la kauri.

Mageuzi makubwa yalikuja na kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963 na kuenea kwetu katika miongo iliyofuata. Baadaye, katika miaka ya 1990, taarabu ya kisasa ilikuja na vinanda vya umeme na spika za jukwaani zenye kimo cha mtu. Simlaumu mtu. Ukumbi wa mamia ya watu wanaosimama kutunza unahitaji mtambo mkubwa, kama vile ngoma ya uwanjani ilivyohitaji mikono yenye nguvu. Kosa lilitokea pale kipimo cha uwanjani kilipoingizwa sebuleni. Watu wakaanza kuipima spika ya nyumbani kwa mtikiso wa vikombe kabatini. Kijana aliyekua na kipimo hicho, akisikilizishwa rekodi ya miaka ya 1950, husema kuwa waimbaji wa kale walikuwa wakimung'unya maneno. Hawakumung'unya. Spika yake ndiyo inayomeza herufi.

Jambo hili lina maelezo yake. Sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia karibu ya mitetemo 85 kwa sekunde, na ya mwanamke karibu ya 165. Huko chini ndiko irabu zinakopata mwili. Lakini kinachotenganisha *faa* na *saa*, au *dhana* na *zana*, kimo juu zaidi, kuanzia mitetemo 2,000 hivi hadi kupita 5,000. Spika iliyoongezwa besi ili impendeze mpita njia dukani hulifunika eneo hilo kama moshi unavyofunika taa. Na kwa kuwa uchungu wa mpasho na utamu wa kina vyote hukaa katika herufi moja au mbili, spika hiyo humnyima msikilizaji shairi huku ikimpa kelele za kutosha.

Ajabu ni kwamba waliounda spika ndogo ya kisasa waliongozwa na haja iliyofanana na yetu. Spika yenye koili inayosukuma koni ya karatasi ilielezwa na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925. Kwa miaka karibu thelathini baadaye, aliyetaka sauti kamili alihitaji kabati kubwa. Mwaka 1954 Edgar Villchur, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, alitoa spika iliyofungwa pande zote, ambamo hewa iliyonaswa ndani ilifanya kazi ya springi. Kasha likapungua hata likaweza kuwekwa rafuni. Katikati ya miaka ya 1970 mafundi wa BBC walitengeneza spika ndogo zaidi, LS3/5A, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, na mojawapo ya njia za mafundi hao za kupima spika ilikuwa kulinganisha sauti ya mtu anayezungumza na sauti hiyo hiyo ikitoka katika spika. Jina la spika hiyo limekuwa ghali, lakini fundisho lake ni bure: mizani ya chombo cha nyumbani ni sauti ya mtu.

Sasa turudi chumbani kwetu. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde. Katika chumba chenye upana wa mita 3, mtetemo wa 57 hivi kwa sekunde hupata makao baina ya kuta mbili, ukaenda na kurudi na kujiongeza mpaka ukavuma peke yake. Spika kubwa huuchochea mvumo huo bila huruma. Spika ndogo yenye koni ya inchi 5 aghalabu huanza kuishiwa nguvu karibu ya mitetemo 60 au 70, kwa hiyo haiuamshi sana. Ni kweli kwamba nyuzi nene za besi kubwa la taarabu zitapungua uzito. Hiyo ndiyo gharama yake, nayo ni ndogo, kwani sikio huutambua mpigo wa besi hata kwa mitetemo yake ya juu. Udi, fidla, ganuni na sauti ya mwimbaji hubaki mahali pake.

Kidaka, pamoja na uzuri wake, ni mtego. Spika iliyosukumwa ndani ya tundu la ukuta hutoa sauti nzito yenye tope, hasa ikiwa ina tundu la kupumulia nyuma. Ivutwe hadi ukingoni, au iwekwe juu ya meza mbali kidogo na ukuta, kimo cha sikio la aliyeketi. Kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, kama zilivyo za saruji, hurudisha sauti kwa ukali. Busati sakafuni, pazia nzito na rafu ya vitabu hutuliza mwangwi kwa gharama ndogo kuliko ya kubadilisha spika.

Mwenye kipato kidogo anayo faraja moja ambayo historia imemwekea. Rekodi za stereo zilianza kuuzwa karibu ya mwaka 1958. Santuri za Siti na rekodi nyingi za kale za redio ni za njia moja, na hazihitaji spika mbili. Anayezipenda hizo anaweza kununua spika moja njema iliyofiwa na mwenziwe, ambayo huuzwa kwa bei ya kutupa, kuliko kununua jozi mbovu.

Vitu vya mitumba vina hila zake. Ukingo wa sponji unaoshika koni huoza kwa miaka na unyevu wa pwani. Uguse kwa kidole, na ukivunjika kama mkate mkavu, hesabu gharama ya fundi. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Tazama vishikio vya waya, maana hewa ya chumvi huviotesha kutu ya kijani, na chunguza kama mbao za unga wa mti uliogandishwa hazijavimba kwa maji. Wala usidanganywe na wati elfu mbili zilizoandikwa kwenye kasha. Soma nyuma ya chombo kiasi cha umeme kinachotumia, kwani hakiwezi kuendelea kutoa zaidi ya kinachopokea. Kuongeza wati maradufu huzidisha sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona ndogo. Kwa chumba cha Mrima, wati ishirini za kweli zinatosha na kusaza.

Limebaki jaribio la mwisho, na hapa Bagamoyo inatupa mwalimu. Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma aliyezaliwa mwaka 1938, aliishi na kufundisha katika mji huu, penye Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, akafariki huko mwaka 2003. Ilimba yake ina utando wa buibui unaozibia matundu ya kasha, ili kila ulimi wa chuma ulie pamoja na mzizimo mwembamba. Mzizimo ule ni sehemu ya muziki. Sikiliza rekodi yake, mathalani albamu ya *Chibite* ya mwaka 1996: spika njema huutoa mzizimo wa ilimba na kunyamaza ilimba inaponyamaza, ilhali spika mbovu huongeza mkwaruzo wake yenyewe, hata usijue upi wa buibui na upi wa kasha.

Kisha chukua wimbo wa zamani ambao maneno yake huyajui yote. Keti na mama au bibi aliyeusikia enzi zake, na kila mmoja aandike au ataje anachokisikia. Ufanyieni spika mbili au tatu jaribio hilo hilo, kwa sauti ya wastani. Itakayowapa maneno mengi zaidi ndiyo ya kununua, hata kama kasha lake limechubuka.

Nimependekeza jaribio hili kwa sababu nyingine pia. Nyimbo nyingi za miaka ile hazijaandikwa popote. Zimo katika santuri na kanda, na katika kumbukumbu za wazee wanaopungua mwaka hadi mwaka. Chombo kinachoitoa sauti bila neno kitatuachia mirathi ya lahani tupu. Mpenzi msomaji, karatasi utakayoiandika usiku ule, yenye mapengo yaliyojazwa na bibi, usiitupe. Itie tarehe na jina la mwimbaji, uihifadhi kidakani kando ya spika.